Pingu kwa mabinti: nani amebadilika?

Januari 2018, wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara, polisi waliwakamata wasichana watano wa shule pamoja na wazazi wao. Kilichowaponza ni mimba. Waliachiwa kwa dhamana, habari ikazunguka dunia kwa siku chache, kisha ikapotea. Kupata mimba si kosa la jinai Tanzania. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na huyo ndiye aliyepaswa kutafutwa. Lakini anayekamatwa ndiye anayehesabiwa. Mtu atakayekaa miaka ijayo kujumlisha majina ya wasichana waliopita mikononi mwa polisi mwaka ule, bila kuuliza walifuata nini huko, ataandika kwamba uhalifu wa wasichana umepanda.

Nimeanza na Tandahimba kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu mabinti na uhalifu huanza upande wa pili kabisa. Tunasikia redioni, misibani, kwenye daladala, kwamba watoto wa kike wa siku hizi wameharibika, wanapigana, wanaiba, hawaogopi mtu. Kisha inatajwa idadi fulani ya waliokamatwa kama ushahidi. Idadi hiyo inaweza kuwa ya kweli na hitimisho likawa la uongo. Mahali ambapo jambo hili limechunguzwa kwa kina ni Marekani, na yaliyogunduliwa huko yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1980, katika kila watoto kumi waliokamatwa Marekani, wawili walikuwa wasichana. Ilipofika 2004 walikuwa watatu. Kwa kosa la shambulio la kawaida, yaani kofi, ngumi, kusukumana bila silaha wala jeraha kubwa, wasichana walifikia theluthi ya watoto wote waliokamatwa. Baada ya katikati ya miaka ya 1990 wavulana waliokamatwa kwa ukatili walianza kupungua kwa kasi, huku wasichana wakipungua polepole au, kwa kosa hilo la shambulio la kawaida, wakizidi kupanda. Magazeti na televisheni za huko zilipata hadithi tamu: kizazi kipya cha wasichana wakali.

Maelezo ya haraka yalikuwepo tayari. Mwaka 1975 mtaalamu wa uhalifu Freda Adler alichapisha kitabu kiitwacho Sisters in Crime, akidai kwamba mwanamke akipata uhuru wa kufanya kazi za wanaume atapata pia uhuru wa kufanya makosa ya wanaume. Hoja hiyo ilipendwa, na bado inapendwa, hata na watu ambao hawajawahi kulisikia jina la Adler. Mimi naiona dhaifu kwa sababu moja ya wazi. Wanawake waliojaza mahabusu na magereza hawakuwa wale waliofaidika na milango mipya ya ofisi na vyuo. Walikuwa maskini, wengi wao weusi, wengi wakiwa wameacha shule. Kama uhuru ndio uliowapeleka huko, ni ajabu kwamba uliwapita wenye uhuru mwingi ukawachukua wasio nao.

Mwaka 2004 ofisi ya Wizara ya Sheria ya Marekani inayohusika na uhalifu wa watoto iliunda kikundi cha watafiti, kikiongozwa na Margaret Zahn, kuchunguza suala la wasichana peke yake. Mwaka mmoja baadaye Darrell Steffensmeier wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na wenzake walichapisha utafiti uliouliza swali rahisi: kama wasichana kweli wamekuwa wakatili zaidi, je, waliopigwa nao wameona hivyo? Na wasichana wenyewe wanasemaje?

Vyanzo vya kujibu vilikuwepo. Tangu 1973 Marekani hufanya uchunguzi wa kitaifa unaozipitia kaya na kuuliza watu kama wamefanyiwa uhalifu, na kama walimwona mhusika, alikuwa mwanamume au mwanamke, mtu mzima au kijana. Taarifa hizo hazipiti polisi. Tangu 1975 pia, Chuo Kikuu cha Michigan huwauliza wanafunzi wa sekondari kila mwaka, kwa siri, kama wamepigana, wamemjeruhi mtu au wamechukua mali isiyo yao. Watafiti waliweka vyanzo hivyo sambamba na kumbukumbu za polisi. Polisi walionyesha wasichana wanapanda. Waliopigwa hawakuona ongezeko hilo. Wanafunzi hawakulieleza. Pengo kati ya wavulana na wasichana lilibaki karibu palepale, isipokuwa kwenye daftari la polisi. Taarifa ya kikundi cha Zahn, iliyotoka Mei 2008, ilifikia uamuzi uleule: wasichana hawakuwa wameongeza ukatili, kilichobadilika ni namna watu wazima walivyoupokea.

Ukipunguza matundu ya wavu utavua dagaa wengi zaidi, na bahari itakuwa ileile. Sasa tutazame matundu hayo yalipunguzwa wapi, maana hapo ndipo penye funzo.

Mahali pa kwanza ni nyumbani. Kwa miaka mingi polisi wa Marekani walikuwa wakiitwa kwenye ugomvi wa ndoa, wanamtuliza mume, wanaondoka, na mke anauawa wiki inayofuata. Wanawake walipambana kubadili hali hiyo. Mwaka 1977 jimbo la Oregon lilipitisha sheria ya kuwalazimisha polisi kumkamata mpigaji. Mwaka 1984 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanywa katika jiji la Minneapolis, yakionyesha kwamba mume aliyekamatwa alirudia kupiga mara chache kuliko aliyeonywa tu. Majimbo mengi yakafuata. Zilikuwa sheria njema, zilizolenga kuokoa maisha.

Ila sheria iliposema "ukatili wa nyumbani" haikusema mume na mke pekee. Binti wa miaka 14 anagombana na mama yake kuhusu simu, kuhusu mvulana, kuhusu saa ya kurudi. Mama anamzuia mlangoni, binti anamsukuma, au anamrushia kitu. Zamani mama angemwita shangazi au mchungaji. Sasa anapiga simu polisi, mara nyingi akitaka tu mtu wa kumtisha mtoto. Askari anafika na sheria inamtaka asiondoke mikono mitupu. Amchukue nani? Mama ndiye mwenye nyumba, na kuna watoto wadogo wanaomtegemea. Anachukuliwa binti. Wavulana hupigana zaidi mitaani, na wenzao au na wageni. Wasichana hupigana zaidi ndani, na watu wao. Kwa hiyo sheria iliyoingia ndani ya nyumba iliwagusa wasichana kuliko wavulana, ingawa nyuma yake kulikuwa na nia ya kumlinda mwanamke. Sidhani kuna mtu aliyekusudia hilo. Lakini binti aliyefungwa pingu mbele ya wadogo zake hakufungwa kidogo kwa sababu hapakuwa na nia mbaya.

Mahali pa pili ni sheria ya watoto yenyewe, na hapa inabidi turudi nyuma. Mahakama ya kwanza ya watoto duniani ilifunguliwa Chicago mwaka 1899. Tangu siku zake za mwanzo, mahakama za aina ile ziliwapima wavulana kwa wizi na uharibifu, na wasichana kwa mwenendo. Binti aliletwa kwa kutoroka nyumbani, kwa "ukaidi", kwa kuonekana na wanaume. Wengine walilazimishwa kupimwa na daktari kama wana bikira. Makosa hayo yalikuwa makosa kwa sababu tu ya umri wao. Mtu mzima akiyafanya hakuna anayemgusa.

Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoyataka majimbo yanayopokea fedha za serikali kuu yaache kuwafungia watoto kwa makosa ya namna hiyo. Wasichana ndio waliofaidika zaidi. Lakini majaji walilalamika kwamba wamenyang'anywa meno, na mwaka 1980 sheria ikarekebishwa: mtoto aliyeamriwa na hakimu asitoroke tena, akitoroka, anaweza kufungiwa kwa kukiuka amri ya mahakama. Kutoroka kulikuwa kumeondolewa kwenye orodha ya makosa, kukarudi kwa jina jingine. Mtafiti Meda Chesney-Lind, aliyetumia maisha yake kufuatilia kesi za wasichana huko Hawaii na kwingineko, ameonyesha jinsi wazazi na maofisa walivyozoea njia hiyo. Binti ambaye zamani angeandikwa "mkaidi" sasa aliandikwa "shambulio", kwa sababu wakati akitoroka alimsukuma mama aliyekuwa amesimama mlangoni.

Shule nitaipita haraka, kwani habari zake zinajulikana. Baada ya sheria ya mwaka 1994 dhidi ya bunduki shuleni, shule nyingi zilitangaza kutovumilia kosa lolote, zikaweka polisi ndani ya majengo, na ugomvi wa uwanjani uliokuwa wa mwalimu wa zamu ukawa wa askari. Aliyeumia zaidi ni msichana mweusi. Takwimu za Wizara ya Elimu ya nchi hiyo kwa mwaka wa masomo 2011 hadi 2012 zinaonyesha kwamba asilimia 12 ya wasichana weusi walisimamishwa masomo, wazungu asilimia 2. Na utafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown wa mwaka 2017 uligundua kwamba watu wazima humwona binti mweusi kuwa mkubwa kuliko umri wake na mwenye kuhitaji ulinzi kidogo, tangu akiwa na miaka mitano.

Kama bado kuna mwenye shaka kwamba idadi ya waliokamatwa inaweza kupanda na kushuka kwa amri ya ofisini, Uingereza imetoa mfano ulio wazi mno. Mwaka 2002 serikali ya huko iliwapa polisi lengo la kuongeza idadi ya makosa yanayofikishwa kwenye vyombo vya sheria, hadi milioni 1.25 kwa mwaka ifikapo 2008. Kosa la mauaji na kosa la kumtusi mwenzio shuleni yalihesabika kila moja kuwa moja. Askari mwenye akili angefuata lipi? Wasichana walikuwa wepesi: hawakimbii sana, wanakiri haraka, makosa yao madogo. Katika miaka mitatu hadi 2007 makosa yaliyoandikwa dhidi ya wasichana wa miaka 10 hadi 17 yaliongezeka kwa karibu robo, na magazeti ya London yakajaa picha za mabinti walevi. Lengo likaachwa mwaka 2008. Idadi ya watoto wanaoingia kwenye mfumo wa jinai kwa mara ya kwanza ikaporomoka, na katika miaka iliyofuata ikapungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hakuna kizazi cha mabinti kinachoweza kuharibika na kutengenezeka kwa kufuata kalenda ya wizara.

Marekani nayo ilishuka. Watoto waliokamatwa walikuwa takriban milioni 2.7 mwaka 1996. Mwaka 2019 walikuwa chini ya laki saba.

Hata hivyo nisingependa msomaji adhani kwamba mabinti hawa hawakuwa na tatizo lolote isipokuwa polisi. Walikuwa nalo, na lilikuwa zito. Mwaka 2015 wanasheria wa Georgetown na shirika la Human Rights Project for Girls walitoa ripoti kuhusu wasichana walioko kwenye vizuizi vya watoto, na kilichojitokeza jimbo baada ya jimbo ni kwamba wengi wao walikuwa wamebakwa au kunajisiwa kabla ya kukamatwa. Mfululizo unaeleweka. Mtoto ananajisiwa na mtu wa nyumbani. Anatoroka. Akiwa nje anahitaji kula na kulala, anaiba, au anaangukia mikononi mwa mtu anayemuuza. Polisi wanamkuta. Kutoroka kulikuwa njia pekee aliyoiona ya kujiokoa, na ndiko kulikomfungulia jalada. California ilisubiri hadi 2016 ndipo ikapitisha sheria ya kusema kwamba mtoto hawezi kushtakiwa kwa kuuza mwili wake, kwa kuwa kisheria mtoto hana uwezo wa kukubali tendo lile. Hadi hapo, msichana wa miaka 15 angeweza kuwa mwathirika wa ubakaji na mtuhumiwa wa ukahaba kwa tukio moja, usiku mmoja.

Na sisi?

Afrika ndiyo yenye sehemu ndogo kabisa ya wanawake gerezani: karibu asilimia 3 ya wafungwa wote wa bara hili, wakati wastani wa dunia ni karibu asilimia 7. Hesabu ya dunia iliyotolewa mwaka 2022 inataja wanawake na wasichana zaidi ya 740,000 walioko magerezani, ongezeko la karibu asilimia 60 tangu mwaka 2000. Sehemu yetu ni ndogo, lakini ukitazama walioko ndani wameingizwa na nini, utaona nyavu zetu wenyewe.

Ya kwanza tuliirithi. Mwaka 1824 Uingereza ilitunga sheria dhidi ya wazururaji, wengi wao askari waliorudi kutoka vita vya Napoleon bila kazi wala makazi. Watawala wa kikoloni waliibeba hadi huku, ikaingia kwenye kanuni zetu za adhabu. Kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika, kilichobaki baada ya uhuru, kinawaorodhesha wazembe na wasio na utaratibu, na wa kwanza kwenye orodha ni mwanamke anayeitwa kahaba. Hakihitaji mlalamikaji. Hakihitaji mtu aliyeibiwa au kupigwa. Kinahitaji askari, saa ya usiku, na mwanamke aliyesimama mahali ambapo askari anaona hapaswi kusimama. Juni 2024 operesheni ya kuwakamata wanawake waliodaiwa kuwa "dada poa" katika Wilaya ya Ubungo, Dar es Salaam, ilizua malalamiko makali ya watetezi wa haki. Wanunuzi hawakuwa habari.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikiwa Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika, ikazitaka nchi kuzifuta au kuzirekebisha. Ilisema wazi kwamba zinawaumiza wanawake na watoto kwa namna ya pekee. Mahakama hiyo iko katika ardhi yetu. Ninaamini wakili yeyote anayemtetea binti aliyeokotwa kwenye msako anapaswa kuwa na maoni hayo mfukoni.

Ya pili ni ya majumbani mwetu, na tunaionea aibu kuitaja. Dada wa kazi. Ametoka kijijini akiwa na miaka 13 au 14, halipwi kwa wakati, na siku akidai mshahara wake wa miezi sita inagundulika kwamba hereni zimepotea. Sheria ya wizi wa mtumishi iliandikwa kumlinda mwajiri: Kenya, wizi wa kawaida una adhabu ya juu ya miaka 3, lakini mtumishi akimwibia mwajiri inafika miaka 7. Wapo wanaoiba kweli. Wapo pia wanaoshikiliwa kituoni siku tatu kisha kurudishwa kwao bila senti, kesi ikifa yenyewe kwa sababu lengo lake lilikuwa limeshatimia. Hawa pia huhesabiwa.

Kenya imepiga hatua kupitia Sheria ya Watoto ya 2022, iliyopandisha umri wa kubeba jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi, binti aliyehitaji matunzo na ulinzi na binti aliyetenda kosa waliweza kupelekwa katika shule moja ya marekebisho, kama Kirigiti au Dagoretti. Mmoja ameokolewa kutoka ndoa ya utotoni, mwingine amemchoma mtu kisu, na wote wanalala bweni moja, wanavaa sare moja, na wakirudi kijijini wanaitwa jina moja.

Aliyemchoma mtu kisu yupo, sitaki kumficha. Nairobi inawajua wanawake wa "mchele", wanaotia dawa kwenye kinywaji cha mwanamume baa, wanamwibia, na baadhi ya wanaume hao hawakuamka tena. Magenge ya vijana ya Mombasa yamekuwa na wasichana ndani yake. Familia za waliokufa hazifarijiki kwa kuambiwa kwamba takwimu zina kasoro. Lakini ni kwa ajili ya familia hizo pia kwamba hesabu inapaswa kuwa safi. Ukimchanganya mwuaji wa baa na mwanafunzi mjamzito wa Tandahimba, na dada wa kazi, na binti aliyeokotwa barabarani saa nne usiku, ukawaita wote "ongezeko la uhalifu wa kike", hutajua tena wauaji wa baa wameongezeka au wamepungua, wala askari wako uwapeleke wapi.

Jeshi la Polisi Tanzania na Ofisi ya Taifa ya Takwimu wamekuwa wakitoa taarifa ya pamoja ya uhalifu. Ombi langu kwao ni safu nne zaidi kwa kila mshtakiwa wa kike aliye chini ya miaka 25: tukio limetokea wapi, mlalamikaji ni nani wake, nani aliyemleta kituoni, na kesi iliishaje. Na kuna la tano, lililo gumu zaidi lakini linawezekana kwa sababu vituo vyetu vina Dawati la Jinsia na Watoto. Binti anapofikishwa kaunta kama mtuhumiwa, askari avuke korido, aulize dawati kama jina hilo liliwahi kufika pale kulalamika. Kama lilifika, majalada mawili yasomwe pamoja kabla hakimu hajamwuliza binti kama anakubali kosa.